Baada ya Upasuaji wa Titi: Yepi Kweli, Yepi Uongo

Mwanamke akirudi Ulyankulu baada ya upasuaji wa titi, awe ameondolewa kwa saratani au amejengewa jingine kwa nyama ya tumbo lake, ushauri humpokea kituoni kabla ya mizigo. Wanyamwezi wana wao, Wasukuma wana wao, na familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 zilikuja na wao. Bila shaka umeshausikia. Tuupime.

"Akandwe maji ya moto kama mzazi." Uongo, tena wa hatari. Nautanguliza kwa sababu wanaokanda ni wenye mapenzi: mama, shangazi, mama mkwe. Kisu kinapopita kifuani hukata pia mishipa ya fahamu, na ngozi hubaki na ganzi kwa miezi, pengine maisha yote. Titi lililojengwa upya ndivyo lilivyo. Kitambaa cha maji ya moto kitalibabua mwenyewe asishtuke, mpaka malengelenge yaonekane. Barafu nayo inaunguza vilevile. Shangazi, mchotee maji ya uvuguvugu ya kuoga, kidonda kikisharuhusiwa kulowa, na uyapime kwa mkono wako wewe.

"Asali ya Tabora hufunga kidonda." Nusu kweli. Wazee hawakukosea: mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba vidonda vya upasuaji vilivyoingia vijidudu hupona upesi zaidi kwa asali kuliko kwa dawa za kuua vijidudu na shashi. Lakini asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi. Ile ya mzinga wa gome, hata iwe tamu vipi, inaweza kubeba mbegu za bakteria. Mshono mkavu usipakwe kitu. Asali itiwe kwenye uji.

"Asiinue mkono mpaka apone." Uongo. Bega lililolazwa hukakamaa. Akunje vidole na kiwiko mapema, achane nywele mwenyewe. Kupandisha mkono juu ya bega kusubiri ruhusa ya daktari, hasa mpira wa kutolea maji ukiwa bado ubavuni. Ndoo, kuni, mchi na jembe vikae kando wiki 6 hivi.

"Mpira ukitoa maji mekundu, ameharibika." Uongo. Huanza mekundu, yakapauka, yakawa manjano. Yapimwe na kuandikwa kila siku.

"Tumbaku haimdhuru asiyevuta." Uongo, na wilaya yetu nzima ya Kaliua inalima tumbaku. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, ileile inayolisha titi jipya. Majani mabichi yenye umande huipitisha kwenye ngozi ya mchumaji, na moshi wa mume sebuleni humfikia mgonjwa. Mwaka huu asichume. Mume naye avutie mbali.

"Ale supu ya kuku, jiko wapike wengine." Kweli kabisa! Kidonda hujengwa kwa protini: kuku, mayai, maharage, karanga, dagaa. Ila asilale kutwa. Kutembea uani huzuia damu kuganda miguuni.

Akipata homa ya nyuzi 38, usaha, wekundu unaosambaa au mfuko wa mpira ukijaa damu ghafla, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na titi lililojengwa likigeuka bluu au kupoa, gari litafutwe saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane: nyama iliyokosa damu haingoji kukuche.