Anza na chetezo: ufinyanzi wa mkono kwa anayetaka kujifurahisha

Leo naiweka siasa kando niseme habari ya udongo. Diploma yangu ni ya uhasibu, kutwa nahesabu pesa za watu, na wikendi ikifika mikono yangu hutaka kazi isiyo na tarakimu. Kazi hiyo ni kufinyanga, bila gurudumu wala mashine. Na sifinyangi mapambo ya kabatini, bali vyombo vya kutumika nyumbani.

Si jambo geni kwetu. Shanga, kisiwani Pate, wachimbuaji wakiongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta vigae vya vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono papa hapa pwani tangu karne ya 8. Siku hizi maji tunayatia kwenye plastiki, na hata chetezo kimekuwa cha umeme.

Anayeuliza aanze na chombo gani, jibu langu ni chetezo. Chungu kikiwa na ufa, mchuzi humwagika. Chetezo hakibebi maji. Kazi yake ni kushika kaa la moto na ubani. Kikienda upande kidogo, bado kinafukiza. Mwanafunzi ahitaji chombo cha namna hiyo, chenye kusamehe.

Nunua udongo kwa mfinyanzi, maana yeye ashajua unakochimbwa ulio mzuri. Ujaribu hivi: sokota kipande kama kamba, ukizungushe kidoleni. Kikikatika, udongo hauna kinamo cha kutosha. Kisha changanya na mchanga kidogo au vigae vilivyosagwa, ili chombo kisipasuke kinapokauka na kinapoingia motoni.

Hapa sikiliza vizuri, mwana wa pwani: usitumie mchanga wa ufuoni. Umejaa vipande vya kombe na matumbawe. Wazee wetu walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea, na ndivyo vipande hivyo vitakavyokuwa ndani ya chetezo chako. Baadaye ile chokaa hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba, ikabandua udongo. Tumia mchanga wa mtoni.

Kanda udongo mpaka uwe laini na hewa yote itoke. Chukua donge la ukubwa wa embe, bonyeza dole gumba katikati, ulizungushe huku ukifinya taratibu. Ukitaka kuongeza kimo, sokota pindi za udongo uzipandishe moja juu ya nyingine. Kila unapounganisha, kwaruza pande zote mbili na upake uji wa udongo, la sivyo pataachana. Ukuta wa sentimita moja unatosha. Matundu ya kupitisha hewa yatoboe udongo ungali na unyevu. Wahenga walishasema, udongo uwahi ungali maji.

Kausha kivulini wiki moja au zaidi. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani, na hapo ndipo nyufa huanzia. Kabla hakijakauka kabisa, kisugue kwa jiwe laini ling'ae.

Kuchoma ndiko kunakotisha wengi. Maji yakibaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kukipasua chombo, kwa hiyo kipashe kwanza kando ya moto mdogo kwa saa kadhaa. Ndipo ukifunike kwa kuni na makumbi na kuuacha moto upande. Joto likipita nyuzi 600 hivi, udongo hubadilika moja kwa moja. Hata ukiuloweka haurudi kuwa tope. Kiache kipoe chenyewe mpaka kesho yake. Choma mahali pa wazi, na umwambie jirani kabla hajaanua nguo zake kwa hasira.

Siku ya kukitumia, tandika majivu chini kabla ya kuweka kaa. Ukishazoea, nenda kwenye mtungi. Mtungi usiopakwa kitu hutoa jasho: maji hupenya vitundu vidogo, hukauka kwa upepo, na yanapokauka huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Uweke dirishani penye upepo.

Kuna msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni, kwa kuwa vyombo vizuri huviuza. Sisi wa kujifurahisha hatuna haja hiyo. Tunafukiza na kunywa kwa tulivyofinyanga wenyewe. Lakini wale kina mama ambao ufinyanzi ndio riziki yao, wengi ni wazee, na wanafunzi ni haba. Ukienda kwao kununua udongo, kaa kidogo, uangalie vidole vyao vinavyokwenda, na uwalipe pia kwa somo. Mtoto wako mpeleke pamoja nawe.