Samani za Zamani, Maua Mapya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushika Brashi

Kabati la mninga lililotengenezwa miaka arobaini iliyopita mara nyingi huwa imara kuliko kabati jipya lililotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Ndiyo maana walaji wengi huamua kulifufua kabati la wazazi, au kununua meza kuukuu kwa bei nafuu, kisha kuipamba kwa kuchora maua, majani na ndege. Uamuzi huo unaokoa fedha na unapunguza ukataji wa miti. Hata hivyo, una hatari moja isiyoonekana kwa macho. Makala haya yanaeleza hatari hiyo na namna ya kuiepuka.

Rangi na madini ya risasi

Uchoraji wa aina hii una mizizi hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa, za aina inayopakwa baiskeli. Rangi hizo hukolea vizuri na hudumu, na wachoraji wa mtindo wake wameendelea kuzitumia, si kwenye picha tu bali hata kwenye viti, trei na masanduku.

Ni rangi za mafuta pia zinazohitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya watengenezaji wamekuwa wakiongeza madini ya risasi ili rangi ikolee, ikauke haraka au izuie kutu. Madini hayo hupatikana zaidi katika rangi za mafuta kuliko rangi za maji, hasa za njano, nyekundu na chungwa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi iliyokauka. Lakini kopo la leo kukidhi kiwango hakubadilishi chochote katika rangi iliyopakwa kabatini miaka mingi iliyopita.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutoka chanzo kilekile. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza, na madhara yake hayarekebishiki. Mama mjamzito naye huweza kuyapitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Vumbi ndilo adui

Rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyobanduka wala kusuguliwa, haina madhara makubwa ikibaki ilipo. Hatari huanza fundi anapoikwangua ikiwa kavu, au anapoichoma moto ili ilainike. Vumbi na moshi huenea, hutua sakafuni, na mtoto anayetambaa huyapeleka kinywani kwa mikono yake.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Jibu la hakika hutoka maabara. Kwa hiyo tunashauri kanuni moja rahisi: rangi ya zamani usiyoijua asili yake, ichukulie kuwa ina risasi.

Hatua za kufuata

Kwanza, kagua samani yenyewe. Tikisa miguu na viungo. Tafuta vitundu vidogo vyenye unga mpya kama wa ngano. Hiyo ni dalili ya dumuzi walio hai, na rangi haitawaua. Watibu kwanza, na urekebishe viungo vilivyolegea. Ikiwa samani ni ya kale na ina nakshi, kama kitanda cha samadari, muulize mjuzi kabla ya kuigusa. Rangi mpya inaweza kuiondolea thamani yake yote.

Pili, fanyia kazi nje, mbali na jiko, kisima na mahali watoto wanapochezea. Tandaza karatasi ya plastiki chini. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwa kuwa ya kitambaa haitoshi.

Tatu, osha kwa maji na sabuni, kisha sugua kwa msasa wa maji huku ukilowesha mbao muda wote. Lengo ni kuparuza mng'ao ili rangi mpya ishike, wala si lazima kufika kwenye mbao. Ukiruka hatua hii, rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta itabanduka baada ya muda mfupi.

Nne, futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Kunja plastiki pamoja na mabaki, uyafunge na kuyatupa. Usiyachome, na mbao zenye rangi ya zamani usizifanye kuni. Nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Tano, paka rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima, kisha rangi ya usuli. Vikikauka, chora mchoro kwa chaki au penseli, na uanze kupaka kutoka maumbo makubwa kwenda madogo: shina, majani, ndege, mwishoni jicho la ndege. Acha kila tabaka likauke kabla ya jingine. Malizia kwa vanishi.

Usizimue rangi kwa petroli, kwani mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Ukitumia thina, soma maelezo ya kopo na ufungue madirisha.

Kitanda cha mtoto

Hapa hatuna shauri la kati. Samani yenye rangi ya zamani isiyojulikana isifanywe kitanda cha mtoto mchanga, hata ikipambwa vizuri namna gani. Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda, na tabaka la juu likiisha atafikia la chini. Kabati hilohilo linaweza kuwa salama sebuleni, kwa nguo za watu wazima.

Ukinunua iliyokwisha kupambwa

Rangi mpya huficha nyufa, matundu ya dumuzi na mbao zilizooza. Geuza samani uitazame upande wa chini, fungua droo, na umwulize muuzaji maswali matatu: Ni mbao gani? Rangi ya zamani iliondolewaje? Rangi mpya ni ya aina gani? Ukinunua rangi mwenyewe, tafuta kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya TBS. Usinunue rangi iliyopimwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Dai risiti inayotaja bidhaa kama ilivyoelezwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kuuza kitu kikuukuu kwa kudai ni kipya ni upotoshaji. Bila risiti, malalamiko yako yatakuwa magumu kuthibitisha.

Samani iliyotunzwa hurithiwa na wajukuu. Tuhakikishe wanachorithi ni mbao na maua, si sumu iliyo chini yake.