Banjo ilivyotoka Afrika, ikapotea kwa wenyewe, na vijana wanaoirudisha

Usiku wa Februari 11, 2024, wakati Wamarekani wakiangalia fainali ya Super Bowl, Beyoncé aliachia wimbo 'Texas Hold 'Em'. Kabla hata hajaanza kuimba, zinasikika nyuzi zinachapwa harakaharaka, sauti kavu inayokaribia ya ngoma. Hiyo ni banjo, na anayeipiga ni mwanamuziki Mweusi kutoka North Carolina, Rhiannon Giddens.

Wimbo huo ulipanda hadi namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, mara ya kwanza kwa mwanamke Mweusi. Maneno nayo hayakukosekana: Beyoncé na kantri wapi na wapi?

Ukiangalia historia ya banjo, swali hilo limekaa kichwa chini miguu juu. Walioanza kupiga banjo Marekani walikuwa Waafrika.

Kibuyu, ngozi na uzi mfupi

Miaka ya 1600, watu waliotekwa Afrika Magharibi na kupelekwa utumwani visiwa vya Karibiani walitengeneza ala kwa kumbukumbu ya walizoziacha nyumbani. Daktari Hans Sloane aliziona Jamaica mwishoni mwa miaka ya 1680, na kitabu alichochapisha 1707 kina mchoro wake: vibuyu vilivyowambwa ngozi, vikawekewa shingo na nyuzi.

Ndugu wa ala hizo bado wapo Afrika. Mmojawapo ni akonting ya Wajola, wanaoishi Gambia, Senegal na Guinea-Bissau. Ni kibuyu, ngozi ya mbuzi, mti mrefu na nyuzi tatu. Uzi mmoja ni mfupi kuliko mingine, na kazi yake ni kudakwa na kidole gumba.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mpigaji hakwaruzi nyuzi kwenda juu kama wapiga gitaa wengi. Anazichapa kwa ukucha kushuka chini, halafu kidole gumba kinadaka uzi mfupi, ambao unarudia sauti ileile muda wote wimbo unapokwenda. Banjo ya nyuzi tano nayo ina uzi mfupi wa kidole gumba, na mtindo wake wa zamani unapigwa hivyohivyo.

Mwaka 2000, mtafiti wa Gambia, Daniel Jatta, aliipeleka akonting kwa wakusanyaji wa banjo Marekani, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuisikia. Hiyo haina maana kwamba akonting ndiyo mama mzazi wa banjo. Kuna ndugu wengine, kama ngoni ya Mali, na banjo yenyewe ilizaliwa Karibiani pale watu wa makabila tofauti walipochanganywa kwa nguvu. Ila asili yake ya Afrika haibishaniwi tena.

Ikahama mikono vipi?

Kwa takriban karne mbili banjo ilijulikana kama ala ya Weusi. Mambo yakabadilika miaka ya 1830 na 1840, Wazungu kama Joel Sweeney wa Virginia walipojifunza kuipiga na kuipandisha jukwaani. Mwaka 1843 kundi la Virginia Minstrels lilianza maonyesho New York. Wazungu walijipaka masizi usoni, wakacheza na kuimba kwa kuwakejeli watumwa, huku banjo ikiwa katikati.

Maonyesho ya aina hiyo yakawa burudani kubwa kuliko zote Marekani. Banjo zikaanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa majumbani kwa watu wenye uwezo. Kwa Weusi wengi, ala ya babu zao ikageuka alama ya dhihaka. Kizazi kilichofuata kikavutiwa zaidi na gitaa, na nani angewalaumu?

Msumari mwingine ulipigwa na biashara ya santuri. Miaka ya 1920 kampuni za kurekodi ziligawa soko kwa rangi ya ngozi: santuri za Weusi kivyake, na za Wazungu wa mashambani kivyake. Kutoka kwa Weusi walitaka blues. Mweusi aliyekuja na fidla na banjo hakuingia sawasawa kwenye kabati lolote, hivyo wengi hawakurekodiwa kabisa. Ukisikiliza santuri za wakati huo unaweza kudhani watu hao hawakuwepo.

Kisha mwaka 1945 kijana Mzungu wa North Carolina, Earl Scruggs, alijiunga na bendi ya Bill Monroe na mtindo wake wa vidole vitatu unaokwenda kasi kama cherehani. Alikuwa fundi hasa, hilo halina ubishi. Lakini muziki wao, bluegrass, ndio uliokaa vichwani mwa watu, na banjo ikahesabiwa kuwa mali ya Mzungu wa milimani.

Mzee wa Mebane

Mebane ni mji mdogo North Carolina. Joe Thompson, aliyezaliwa 1918, alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha samani mjini hapo. Nyumbani alipiga fidla, na binamu yake Odell alipiga banjo. Walirithi kwa baba zao, ambao nao walikuwa ndugu wa karibu wakipiga kwenye dansi za wakulima, za Weusi na za Wazungu pia.

Mwaka 1990 mabinamu hao walifika hadi ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Miaka minne baadaye Odell aligongwa na gari akafariki. Joe akabaki na fidla yake.

Aprili 2005 ulifanyika mkutano wa wapiga banjo Weusi na watafiti mjini Boone, North Carolina. Hapo walikutana vijana watatu: Giddens, aliyesomea uimbaji wa opera chuoni, Justin Robinson na Dom Flemons. Thompson wakati huo alikuwa na miaka 86. Wakaanza kwenda kwake Mebane kila Alhamisi jioni.

Mzee hakuwa mtu wa nota wala maelezo marefu. Alipiga, wao wakafuata. Wakikosea, anapiga tena. Kitu walichokifuata hakipatikani kirahisi kwenye rekodi: mkono unasukuma upinde wa fidla namna gani, banjo inaingia wapi ili watu wacheze badala ya kukaa na kusikiliza tu. Kwa Giddens kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana ilibidi ajifunze nafasi ya banjo ya Odell kutoka kwa mtu aliyekuwa amekaa upande wa pili, kwenye fidla.

Walianzisha kundi la Carolina Chocolate Drops, na 2011 wakachukua Grammy ya albamu bora ya muziki wa asili. Thompson alifariki Februari 2012, akiwa na miaka 93. Wangechelewa miaka saba tu, wangekuta nyumba haina mtu wa kumfuata.

Banjo yafika Tanzania

Mwaka huohuo wa 2005, mpiga banjo maarufu Béla Fleck, Mzungu kutoka New York, alifunga safari ya kuirudisha ala hiyo barani Afrika. Alipita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akipiga na wanamuziki wa huko. Hapa Tanzania alipiga na Anania Ngoliga, mwimbaji na mpiga ilimba asiyeona, na baadaye wakapanda pamoja majukwaa ya Marekani.

Filamu ya safari hiyo, iliyotoka 2008, iliitwa 'Throw Down Your Heart'. Jina hilo ni Bagamoyo, kwa ile maana inayosimuliwa sana: bwaga moyo, kata tamaa, umeshafika baharini. Kihistoria, wengi waliopitishwa Bagamoyo waliishia Zanzibar na nchi za Bahari ya Hindi, na banjo ilitoka na watu wa pwani ya magharibi. Lakini ni rahisi kuelewa kwa nini jina lile lilimgusa.

Wapigaji wapo, wasikilizaji je?

Leo wapiga banjo Weusi wanaojulikana si wachache. Mwaka 2019 Giddens, Leyla McCalla, Allison Russell na Amythyst Kiah walitoa albamu ya pamoja kuhusu wanawake Weusi na utumwa. Jake Blount naye anachimba nyimbo za zamani za Weusi na kuzipiga upya kwa banjo na fidla.

Tatizo lililobaki liko upande wa viti. Giddens amesema hadharani mara nyingi kwamba watu wanaojaa kwenye maonyesho yake wengi ni Wazungu. Tuzo zimekuja, ikiwemo Pulitzer ya 2023 kwa opera yake 'Omar', lakini tuzo haimfanyi kijana Mweusi wa Durham aone banjo ni kitu chake. Aprili 2025 alianzisha tamasha hapohapo Durham, Biscuits & Banjos, na kundi lao la zamani likapanda tena jukwaani pamoja.

Mwezi huohuo yeye na Robinson walitoa albamu ya fidla na banjo, nyingi zikiwa nyimbo walizofundishwa na mzee Thompson. Hawakuingia studio. Walirekodi nje, pamoja na nyumbani kwa Thompson, na ukivaa spika za masikioni utawasikia ndege na nyenje wakipiga kelele katikati ya muziki.