MGONGO WA MTOTO HUFUNGA KABLA MAMA HAJAJUA ANA MIMBA



Asubuhi moja mama kijana alikuja kituoni kwetu hapa Pemba. Alimbeba mtoto wa siku tisa, amemfunika kanga mbili. Nilipomfunua mtoto niliona uvimbe laini kiunoni, kama kifuko cha maji. Miguu yake haikucheza. Mama aliniuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, nimekosa nini? Nyumbani wanasema nimevunja mwiko."

Nilimjibu, "Dada, hukuvunja mwiko wowote." Leo nakuelezeni kwa nini nilimjibu hivyo.

Bomba la mgongo

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo sana ziitwazo seli. Hazionekani kwa macho matupu. Mwanzo wa mimba ni seli moja. Hiyo hugawanyika zikawa mbili, kisha nne, kisha nyingi.

Katika wiki ya tatu, seli za upande wa mgongo hujipanga kama jani. Jani hilo hujikunja, kingo zake zikakutana, likawa bomba. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Hufunga lote ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo mtoto ni mdogo kuliko punje ya mchele, na mama wengi hawajajua kuwa wana mimba.

Seli hupelekeana ujumbe

Je, seli hujuaje kazi yake? Hupelekeana ujumbe, na mjumbe ni protini. Protini moja ya namna hii imepewa jina la kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba. Jina lilianza mwaka 1980, pale wataalamu Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walipochunguza nzi wadogo wa matunda. Funza wa nzi waliokosa ujumbe huo walijaa vijimiiba. Baadaye ilionekana kuwa binadamu naye ana protini ya jamii hiyo.

Fikiri karafuu zilizoanikwa jamvini. Aliye karibu hupata harufu kali. Aliye mbali hupata harufu hafifu. Protini hii hutoka upande wa chini wa bomba na kuenea vivyo hivyo. Seli zinazoipata kwa wingi huwa neva za kuchezesha mikono na miguu. Zilizo mbali hupata kidogo, nazo hushika kazi nyingine.

Ujumbe huu ukikosekana, ubongo wa mbele huweza kushindwa kugawanyika kulia na kushoto. Na kingo za bomba zisipokutana, mgongo hubaki wazi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yule.

Tufanye nini?

Kwanza, seli zinazogawanyika upesi zinahitaji vitamini iitwayo asidi ya foliki. Imo katika mchicha, kunde, maharage na machungwa. Lakini chakula peke yake huenda kisitoshe. Mwanamke anayetarajia kuzaa aulize kituoni kuhusu vidonge vyake, aanze kabla ya kushika mimba. Kiasi cha kawaida ni maikrogramu 400 kila siku. Vidonge hupunguza sana hatari ya mgongo wazi, ingawa haviiondoi yote. Akisubiri mimba ya miezi minne, vidonge vitamfaa kwa damu, lakini bomba limekwisha kufunga au kukosa kufunga.

Pili, aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hii, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari kabla ya mimba. Asiache dawa mwenyewe.

Tatu, mtoto akizaliwa na uvimbe mgongoni, usiutoboe, usiukande, usiupake dawa. Ufunike kwa kitambaa safi. Mlaze mtoto kwa tumbo au ubavu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo: Wete, Chake Chake, au Abdulla Mzee huko Mkoani. Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ilifunguliwa taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo mwaka 2014.

Mtoto yule alivushwa kwenda Unguja, akapasuliwa. Mgongo umefungwa, lakini miguu bado ni dhaifu. Upasuaji haurudishi neva zilizokwisha kuharibika. Unazuia uchafu usiingie, ndiyo maana kila siku ina thamani. Siku tisa zilipotea nyumbani kwa aibu na lawama.

Basi ndugu, tusimlaumu mama. Tumsindikize hospitali.

Maswali ya kujadiliana

1. Bomba la mgongo hufunga siku ya ngapi?
2. Kwa nini vidonge vianzwe kabla ya mimba?
3. Jirani akizaa mtoto mwenye uvimbe mgongoni, utamsaidiaje?