Kompyuta Iliyoanza kwa Kipande cha Ubao

Ukimwona mtu mzima anatoa kipande cha ubao mfukoni, kisha anakigusagusa kwa kijiti kana kwamba anaandika, utasema nini? Bila shaka utamhurumia. Lakini mtu huyo alikuwako huko California, Marekani, miaka ya 1990, naye alikuwa na akili timamu kabisa. Jina lake Jeff Hawkins, mhandisi wa kompyuta.

Wakati ule kompyuta zilikwisha enea maofisini, ila zilikaa mezani. Wenye viwanda walitamani kutengeneza ndogo ya kushika mkononi, ya kutunza anwani, namba za simu na miadi. Mwaka 1992 John Sculley, mkuu wa kampuni ya Apple, alikitangaza chombo cha namna hiyo, akakiita msaidizi wa kidijitali wa mtu binafsi. Mwaka uliofuata Apple ikatoa chombo chake, Newton, kwa dola 699.

Kilikuwa cha ajabu kweli. Uliandika juu ya kioo kwa mwandiko wako mwenyewe, nacho kikajaribu kuusoma. Lakini mara nyingi kilikosea, yakatoka maneno mengine kabisa, hata wachora katuni wa magazeti wakakifanyia mzaha. Tena kilikuwa kikubwa mno kwa mfuko wa shati. Februari 1998 Apple ikakiacha.

Hawkins naye alikwisha onja uchungu huo. Kampuni yake, Palm, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilitengeneza programu za chombo kilichoitwa Zoomer. Kilikuwa kizito, kizembe na ghali, watu wakakikataa. Je, Hawkins alikata tamaa? La! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitambua kwamba mshindani wake hasa si kompyuta nyingine, bali daftari la karatasi. Daftari hufunguka mara moja, na bei yake ni ndogo.

Basi akakata ubao wa kuingia katika mfuko wa shati lake, akatembea nao kila siku. Mtu akimwuliza kama ana nafasi, yeye huutoa na kujifanya anatazama miadi yake. Hivyo akajua lipi mtu analihitaji kila saa, na lipi ni pambo tu.

Na mwandiko je? Hawkins hakuitaka mashine isome miandiko ya watu wote. Alimwomba mtu ajifunze kidogo: kila herufi iandikwe kwa namna moja, na karibu zote bila kuinua kalamu. A, kwa mfano, iliandikwa kama paa la nyumba, bila kile kistari cha katikati. Mashine ikaacha kubahatisha.

Fedha zilipopunguka, mwaka 1995 kampuni iliuzwa kwa U.S. Robotics kwa dola milioni 44, kazi ikapata kumalizika. Mwaka 1996 kikatoka chombo kilichoitwa Pilot. Cha bei ya chini kiliuzwa dola 299, nacho kilitumia betri mbili ndogo. Ukikiweka juu ya kitako chake kilichounganishwa na kompyuta ya mezani, ukabonyeza kitufe kimoja, habari zako zote zilinakiliwa humo. Hata kikipotea, anwani zako hazikupotea. Katika miezi 18 hivi viliuzwa zaidi ya milioni moja.

Siku hizi Pilot haitengenezwi tena, maana kazi yake imechukuliwa na simu. Lakini ukiitoa simu mfukoni kutafuta namba ya ndugu yako, ukumbuke ule ubao.

Nawe, fundi wa kushona, seremala, au mama unayefinyanga vyungu vya kuuza, jiulize kabla ya kuanza kazi: atakayekitumia ni nani, naye atakishikaje? Newton ilijua mambo mengi, lakini haikuingia mfukoni. Hawkins aliupima mfuko kwanza.