Mafuta ya Majani ya Kufukuza Mbu

Mbu ni mdudu mdogo, lakini anaua watu wengi kuliko simba na nyoka. Inafaa tujue namna anavyofanya kazi yake, tupate kumzuia.

Zamani watu walifikiri ya kwamba malaria hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Lakini mwaka wa 1897 munganga mmoja Mwingereza, Ronald Ross, alipasua mbu katika inchi ya India, akaona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo lake. Leo tunajua ya kuwa mbu anayeleta malaria ni jike la namna moja, jina lake Anofele. Anauma usiku, zaidi wakati watu wanapolala. Anamtafuta mtu kwa pumzi inayotoka puani na kwa harufu ya ngozi. Harufu kali ya majani fulani inamsumbua, naye hakufikii kwa urahisi. Hii ndiyo sababu ya kutengeneza mafuta haya.

MAJANI GANI?

Tumia mchaichai, ule unaotiwa katika chai, na lumba-lumba, ile ambayo mama wengi huchemsha kwa ajili ya kikohozi. Watu wengine hupanda majani haya mbele ya mlango na kusema: “Sasa mbu hawataingia.” Sivyo. Jani lililosimama shambani linafunga harufu yake ndani. Harufu inatoka jani likipondwa au likipata moto.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Kata konzi mbili za mchaichai na konzi mbili za lumba-lumba. Osha, kisha tandaza kivulini siku moja, hata maji yakauke. Maji yakibaki, mafuta yataota ukungu.

2. Katakata majani, uyaponde kidogo katika kinu.

3. Tia majani katika bakuli ya chuma pamoja na vikombe viwili vya mafuta ya mise, ndiyo mafuta ya kokwa za mawese. Mafuta mekundu ya mawese yatachafua nguo.

4. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, muda wa saa mbili. Usiweke mafuta juu ya moto wenyewe, kwa maana yanaweza kuwaka.

5. Yakiisha kupoa, chuja kwa kitambaa safi, ukamue sana. Mimina katika chupa safi, kavu. Andika jina juu yake, uiweke mbali na jua na mbali na watoto. Tumia muda wa mwezi mmoja tu.

NAMNA YA KUPAKA

Kwanza paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja. Ngozi ikiwasha au ikivimba, mafuta haya hayakufai. Ikiwa hakuna neno, paka mikono, miguu na shingo wakati jua linapotua. Harufu yake haikai sana. Kwa watu wengi inapotea kwa muda wa saa moja hivi. Basi paka tena.

Usipake karibu na macho, kinywani, juu ya kidonda, wala katika viganja vya mtoto, maana atavitia kinywani. Mtoto mchanga usimpake hata kidogo. Usichanganye na maji ya ndimu, kwa sababu jua litaunguza ngozi. Usitie petroli.

Tena usifukize majani ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi unaharibu mapafu ya watoto. Na jiko la makala usiku linatoa hewa isiyo na harufu, inayoua watu katika usingizi.

MAFUTA HAYA HAYATOSHI

Sikiliza neno hili vizuri. Mafuta haya yanakusaidia jioni, ukikaa nje kupika au kuzungumza. Lakini usiku wa manane harufu imekwisha, nawe umelala. Nani atakupaka tena? Anofele anakuja saa ile. Kwa hiyo kila mtu alale ndani ya mustikere yenye dawa, kwanza watoto wadogo na mama wenye mimba. Usiitumie kuvua samaki wala kufungia kuku. Dawa yake si ya kuogopa: wenye maarifa waliitengeneza kwa kufuata nguvu ya ua la pireti, ambalo watu wa milima ya Kivu wamelilima miaka mingi.

Tena angalia maji yaliyosimama karibu na nyumba. Yai la mbu katika maji linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku kumi hivi. Fukia mashimo, mwaga maji ya makopo kila juma.

Na mtoto akipata homa, usimpake mafuta haya ukifikiri yatamponya. Yanafukuza mbu, hayaui vijidudu vilivyoingia katika damu. Mpeleke kwenye kituo cha afya au lopitali siku ile ile. Watachoma kidole chake na kupima damu. Akianza kutetemeka kwa degedege, kushindwa kunyonya, au kulala bila kuamka, usingoje asubuhi. Malaria inaweza kumuua mtoto kwa siku moja au mbili.

MAULIZO

1. Kwa nini majani yanakaushwa kivulini kabla ya kutiwa katika mafuta?
2. Harufu ya mafuta inakaa muda gani?
3. Katika nyumba yako, nani hajalala ndani ya mustikere? Utafanya nini leo jioni?