Wadudu wa muhogo: sumu isiingie katika sombe

Ndugu mfanyakazi, kazini tunavaa kofia na viatu vya usalama. Lakini kuna hatari nyingine nyumbani, ndani ya lupangu: ni chupa ya dawa ya wadudu. Leo tuseme juu ya muhogo, kwa maana tunakula mizizi yake, na majani yake tunayatwanga kuwa sombe. Sumu unayomwaga juu ya majani asubuhi inaweza kufika katika sahani ya watoto jioni.

Adui ni nani?

Wakati wa kiangazi ncha za muhogo hujikunja na kusongamana, majani hudumaa. Ukiyafunua, unaona vitu vyeupe kama unga. Hao ni wadudu wanaofyonza maji ya mti. Walitoka Amerika ya Kusini, wakaonekana huku Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakaenea katika nchi nyingi za Afrika. Mvua kubwa huwaosha na kuwapunguza.

Rafiki wa mkulima

Mwaka 1981 wataalamu walimkuta adui wa mdudu huyu huko Paraguay: nyigu mdogo sana, asiyeuma mtu. Hutaga yai ndani ya mdudu mweupe, na mtoto wake humla huyo mdudu kutoka ndani. Mwaka huohuo aliachiliwa Nigeria, baadaye katika nchi nyingine nyingi. Kwa kazi hiyo Hans Rudolf Herren alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Basi, ukipuliza sumu, unamwua rafiki pamoja na adui, na adui anaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Ufanye nini?

1. Panda vipande vilivyotoka katika miti misafi, isiyo na unga mweupe.
2. Kata ncha zilizojikunja, uzichome moto. Usizitupe kwa jirani.
3. Fukuza sisimizi. Wao hulamba utamu wa wadudu hao na kuwalinda.
4. Kwa maua na miti michache ya ua, sugua wadudu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande, kisha suuza.

Kama lazima utumie dawa

Usiipulize juu ya majani ya sombe. Kwa mimea mingine, soma karatasi ya chupa: kipimo chake na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Vaa mikono mirefu, glavu, viatu, na funika pua na mdomo. Usipulize kinyume cha upepo, wala usile au kuvuta sigara. Usiweke dawa katika chupa ya limonadi: mtoto ataona kinywaji. Ifungie kabatini. Na ninyi wa Kinkondja, msioshe pompi katika ziwa Kisale wala katika Lualaba. Dawa nyingi huua samaki, na samaki ndiye maisha ya watu wa huko.

Mtu akipata sumu

Dalili za dawa nyingi za wadudu ni hizi: jasho jingi, mate kutoka, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo sana, misuli kutetemeka, pumzi kuwa ngumu. Mwondoe mahali penye dawa. Mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni, nawe ukiwa na glavu. Usimlazimishe kutapika. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese, hata kama wazee wanashauri. Akizimia lakini anapumua, mlaze upande. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa au karatasi yake. Muganga akijua jina la dawa, atajua pia matibabu yake. Usingoje kesho.

Mama wa nyumba asomewe ukurasa huu, maana yeye ndiye anayechuma sombe. Muhogo ulioharibika hupandwa tena. Mtoto hapandwi tena.

Usalama kazini, usalama nyumbani!